Saratani ya Figo Inapohamia Kusikotarajiwa

Mtu anatolewa figo yenye saratani. Anapona, anarudi kazini, watoto wanakua. Miaka 12 inapita. Siku moja pua inaanza kutoka damu isiyokatika, au kiuvimbe kinaota shingoni. Daktari anamuuliza kama aliwahi kuugua ugonjwa wowote mkubwa, naye anajibu, "Hapana, mimi mzima." Figo ile imeshasahaulika nyumbani, na pengine hata watoto hawakuwahi kuambiwa. Kumbe huenda figo hiyo ndiyo jibu analolitafuta daktari.

Katika toleo hili tumechagua kuandika juu ya saratani ya figo, hasa tabia yake ya kuhamia sehemu za mwili ambazo hakuna anayezitarajia, na hata kuingia ndani ya uvimbe mwingine uliokuwapo tayari. Tuna sababu mbili. Ya kwanza ni mji wetu: mengi yanayojulikana leo kuhusu ugonjwa huu yanahusiana na Stockholm na Sweden kwa jumla. Ya pili ni lugha. Wengi wetu katika klabu tumewahi kukaa kati ya daktari na mama, shangazi au mjomba, tukigeuza Kiswidi kuwa Kiswahili, na tunajua kwamba maneno ya saratani hayatoki kirahisi.

Kaa, "kräfta" na binti

Neno saratani tumelipata kutoka Kiarabu, na maana yake ni kaa, yule wa pwani. Madaktari wa Ugiriki ya kale nao waliuita ugonjwa huu kwa jina la kaa. Waswidi wa zamani waliuita "kräfta", jina lile lile la mdudu wa maji baridi anayechemshwa na bizari na kuliwa kila Agosti kwenye karamu ambazo sote tumewahi kualikwa. Ugonjwa mmoja, lugha tatu, na wote wakaona mnyama mwenye magamba na makucha.

Lugha zinaachana saratani inapotoka mahali pake pa kwanza. Kiswahili husema imesambaa, imeenea, au kwa maneno ya mtaani, imetembea. Kiswidi, ukiacha neno la kitaalamu "metastas", kina "dottertumör", yaani uvimbe ambao ni binti. Ule wa kwanza huitwa "modertumör", uvimbe mama. Tunapotafsiri huwa tunaliruka neno hili kwa sababu "binti" katika habari ya saratani linasikika vibaya. Lakini lina elimu ndani yake. Ukisema "imesambaa", msikilizaji anaona maji yaliyomwagika sakafuni, yamefika kila pembe. Ukisema "binti", anaelewa kwamba kitu hiki kina mama yake, na kina asili.

Asili hiyo ndiyo msingi wa makala hii. Saratani ya figo ikifika kwenye mapafu haigeuki kuwa saratani ya mapafu. Seli zake zinabaki kuwa seli za figo, zinaonekana hivyo chini ya hadubini, na zinatibiwa kwa dawa za saratani ya figo. Asiyejua mama ni nani anaweza kumtibu binti kwa dawa isiyo yake.

Kwa nini figo?

Figo mbili za mtu mzima zina uzito mdogo sana ukilinganisha na mwili mzima, lakini zinapokea takriban sehemu moja kati ya tano ya damu yote inayosukumwa na moyo kila dakika. Kazi yake ni kuchuja, na huwezi kuchuja bila damu. Kwa hiyo uvimbe unaoota hapo unaota kando ya barabara kuu.

Zaidi ya hapo, saratani ya figo ina desturi ya kuingia ndani ya mishipa yenyewe. Inaweza kuota ndani ya mshipa unaotoa damu kwenye figo, ikajipenyeza hadi kwenye mshipa mkubwa unaorudisha damu moyoni, na kwa wagonjwa wachache ikapanda mpaka ndani ya chumba cha kulia cha moyo. Daktari wa upasuaji anapokutana na hali hiyo hulazimika kufanya kazi pamoja na wenzake wa moyo.

Kwa kawaida seli zinazosafiri na damu ya vena hukwama kwanza kwenye mapafu, kwa sababu damu yote hiyo hupitia huko. Ndiyo maana mapafu yanaongoza kwa kupata mabinti wa saratani ya figo, yakifuatwa na mifupa, tezi za limfu, ini, tezi iliyo juu ya figo, na ubongo. Lakini ipo njia nyingine. Mwaka 1940 Mmarekani Oscar Batson alieleza mtandao wa vena uliouzunguka uti wa mgongo, ambao hauna vizuizi vya kuilazimisha damu iende upande mmoja. Mtu akikohoa au akinyanyua mzigo, damu inaweza kwenda juu au chini. Seli zikiingia humo zinaweza kuyakwepa mapafu na kutokea kichwani. Hivyo ndivyo wataalamu wanavyoeleza baadhi ya visa vya uvimbe puani au kwenye ngozi ya kichwa huku mapafu yakiwa safi.

Orodha ya kushangaza

Ukisoma majarida ya kitabibu utakuta saratani ya figo imeripotiwa karibu kila mahali: kwenye ulimi, kwenye tezi za mate, ndani ya jicho, kwenye kibofu cha nyongo, kwenye ncha za vidole, kwenye ngozi. Sehemu tatu zinastahili maelezo zaidi.

Ya kwanza ni kongosho. Kwa kawaida saratani ikionekana kwenye kongosho moyo wa kila mtu hushuka, kwa sababu saratani inayoanzia hapo ni miongoni mwa zilizo kali kuliko zote. Lakini uvimbe wa kongosho unaweza kuwa binti wa figo, na figo ndiyo inayoongoza kwa kupeleka mabinti walio peke yao huko. Mara nyingi mabinti hao hukua polepole, na mgonjwa anaweza kuishi miaka mingi. Picha ya kongosho inaweza kutisha vile vile, lakini habari anayopewa mgonjwa si moja.

Ya pili ni tezi ya shingo, ile ambayo ikivimba wazee wetu huiita rovu. Saratani ya figo ni miongoni mwa zinazoongoza kwa kufika kwenye tezi hii na kutambuliwa mgonjwa akiwa hai. Mara nyingi inafika kwenye tezi ambayo tayari ilikuwa na rovu au uvimbe wa muda mrefu usio na madhara. Mtu aliyezoea rovu lake tangu ujana hatashtuka likiongezeka kidogo.

Ya tatu ni pua na mianzi yake. Kati ya saratani zinazotoka chini ya shingo na kufika puani, ya figo ndiyo ya kwanza. Na kwa kuwa mabinti wake wamejaa mishipa ya damu, dalili huwa ni pua kutoka damu tena na tena.

Jambo linalozidisha ugumu ni muda. Saratani nyingi zikikaa kimya miaka mitano, mgonjwa huanza kupumua. Ya figo inaweza kurudi baada ya miaka 10, na kuna visa vya baada ya miaka 20 na zaidi. Kwa muda huo mgonjwa anaweza kuwa amehama mji, amehama nchi, na karatasi zake za hospitali zimebaki Nairobi au Bujumbura.

Uvimbe ndani ya uvimbe

Sasa tufike kwenye jambo ambalo wengi wetu hatukuwahi kulisikia kabla ya kuandaa toleo hili. Mwaka 1889 daktari Mwingereza Stephen Paget aliandika kwamba seli za saratani ni kama mbegu: zinachukuliwa na upepo kila upande, lakini zinaota pale tu zinapokuta udongo unaozifaa. Mara chache sana, udongo huo ni uvimbe mwingine.

Kisa kinachotajwa sana kuwa cha kwanza kuandikwa ni cha mwaka 1902, ambapo saratani iliyoanzia kwenye taya ilikutwa ndani ya uvimbe wa figo. Tangu hapo visa vimekusanywa kimoja kimoja, na picha imejitokeza. Miongoni mwa saratani zinazopokea mabinti wa saratani nyingine, ya figo ndiyo inayoongoza, na mgeni wake wa mara kwa mara ni saratani ya mapafu. Miongoni mwa uvimbe usio saratani, mwenyeji mkuu ni ule unaoota kwenye utando unaofunika ubongo. Hukua taratibu kwa miaka, una damu ya kutosha, na hupokea hasa mabinti wa saratani ya matiti na ya mapafu. Saratani ya figo nayo imekutwa humo, na pia ndani ya uvimbe usio na madhara wa tezi ya shingo na wa tezi iliyo juu ya figo. Kwa hiyo figo ni mwenyeji na ni mgeni.

Kwa nini figo inapendwa kama mwenyeji? Majibu yanayotolewa ni mawili: uvimbe wake una damu nyingi, na seli zake zimejaa mafuta na sukari ya akiba. Aina iliyo ya kawaida zaidi huitwa ya seli angavu, kwa sababu maabara inapoandaa kipande cha nyama, mafuta na sukari hiyo huyeyuka na kuacha seli zinazoonekana tupu kama mapovu ya sabuni. Mbegu ngeni ikidondoka hapo inakuta shamba lenye maji na mbolea.

Lakini si kila uvimbe uliobanana na mwingine ni kisa cha aina hii. Mwaka 1968 wataalamu waliweka masharti yanayotumika mpaka leo: lazima kuwe na uvimbe wa asili tofauti, si mmoja, mwenyeji lazima awe uvimbe wa kweli, na mgeni lazima awe ameota na kukua humo ndani. Uvimbe wa aina mbili uliokua jirani hadi ukagusana hauhesabiwi, wala seli chache zilizokwama tu kwenye mshipa wa damu.

Mswidi wa Lund na seli zinazodhani ziko Kilimanjaro

Mahali ambapo jambo hili la nadra si la nadra sana ni katika ugonjwa wa kurithi unaobeba jina la Mswidi. Mwaka 1926 Arvid Lindau, mtaalamu wa magonjwa huko Lund, alichapisha utafiti juu ya uvimbe wa maji kwenye ubongo wa nyuma. Aliona kwamba watu hao hao walikuwa na mabadiliko kwenye figo na kongosho, na akauhusisha ugonjwa wao na uvimbe wa mishipa ya damu ya jicho uliokwisha kuelezwa na Mjerumani Eugen von Hippel. Leo unaitwa ugonjwa wa von Hippel-Lindau, kwa kifupi VHL. Wenye ugonjwa huu hupata uvimbe wa mishipa ya damu kwenye ubongo na uti wa mgongo, na wengi hupata saratani ya figo. Kwao, binti wa figo kuingia ndani ya uvimbe wa ubongo kumeripotiwa mara nyingi kuliko mchanganyiko mwingine wowote. Uvimbe wote wawili una seli angavu, kwa hiyo hadubini peke yake inaweza kudanganya. Maabara hutumia rangi maalumu zinazoshika protini za figo ili kujua nani ni nani.

Jeni ya VHL ilipatikana mwaka 1993. Watafiti wakagundua kwamba imeharibika pia kwa wagonjwa wengi wa saratani ya figo ambao hawakurithi chochote. Kwa nini? Jibu lake lilitangazwa hapa kwetu, Karolinska Institutet, Solna, tarehe 7 Oktoba 2019, pale William Kaelin, Peter Ratcliffe na Gregg Semenza walipopewa Tuzo ya Nobeli ya tiba kwa kueleza jinsi seli zinavyotambua kiasi cha oksijeni.

Kwa lugha rahisi ni hivi. Mtu akipanda Mlima Kilimanjaro, oksijeni inapungua. Protini iitwayo HIF inakusanyika ndani ya seli na kutoa amri: tengeneza damu zaidi, ota mishipa mipya. Akirudi Moshi, oksijeni ipo tele, na protini ya VHL inaitia HIF alama ili ifagiliwe. Seli ya figo iliyopoteza VHL haina mfagiaji. Hata ikizungukwa na oksijeni, inadhani iko kileleni, mita 5,895 juu ya bahari, na inaendelea kuagiza mishipa mipya. Ndiyo maana uvimbe wa figo na mabinti wake wamejaa damu. Kutokana na elimu hii zimetengenezwa dawa zinazozuia mishipa mipya, na dawa inayoizuia HIF yenyewe, ambayo Marekani iliiruhusu mwaka 2021 kwa wenye VHL. Tuzo ya mwaka mmoja kabla, 2018, ilikuwa ya James Allison na Tasuku Honjo, ambao kazi yao ilifungua njia ya dawa zinazoamsha kinga ya mwili, na hizo sasa ni nguzo ya matibabu ya saratani ya figo iliyosambaa.

Stockholm ina mchango mwingine. Lars Leksell alikuja na wazo la upasuaji wa mionzi mwaka 1951, na mwaka 1968 mashine yake ya kwanza ya kuelekeza mionzi mingi kwenye nukta moja ya ubongo ilianza kazi mjini hapa. Miaka ya mwanzo ya 1990, Ingmar Lax na Henric Blomgren wa Karolinska walilihamishia wazo hilo kwenye mwili: mgonjwa analazwa kwenye fremu asitikisike, kisha mionzi mikali inapigwa mara chache tu. Saratani ya figo ilikuwa na sifa ya kutosikia mionzi ya kawaida. Kwa njia hii mabinti wake wengi walitulia. Binti akiwa mmoja au wawili, kumkata au kumpiga mionzi kunaweza kumpa mgonjwa miaka.

Damu kwenye mkojo: kichocho?

Wengi wa wazazi wetu wamekulia Pwani, Pemba, Unguja au kando ya Ziwa Viktoria. Huko damu kwenye mkojo ina jina: kichocho. Watoto walioogelea mitoni na mabwawani walikojoa damu, wakameza vidonge, wakapona. Kwa hiyo mjomba anayeona damu chooni huko Rinkeby akiwa na miaka 58 ana maelezo tayari kichwani, na maelezo yenyewe si ya kijinga. Kichocho cha kibofu ni kweli, na kikikaa miaka mingi kinaweza kusababisha saratani ya kibofu. Lakini damu hiyo inaweza pia kutoka kwenye figo, na huja bila maumivu, ikapotea wiki kadhaa, kisha ikarudi. Kupotea kwake si kupona.

Saratani ya figo ina ujuzi wa kujificha. Huko Malmö, ambako zamani karibu kila maiti ilichunguzwa, watafiti walipitia maiti zaidi ya 16,000 za miaka 1958 hadi 1969. Walikuta watu 350 wenye saratani ya figo, na takriban theluthi mbili yao haikuwa imegunduliwa walipokuwa hai. Siku hizi, kwa sababu ya ultrasaundi na CT, zaidi ya nusu ya wagonjwa nchini Sweden hugunduliwa kwa bahati, walipokuwa wanapimwa kitu kingine. Bahati hiyo humfikia anayekwenda hospitali.

Tunapokaa katikati

Turudi kwenye lugha, maana hapo ndipo sisi tunapohusika. Katika jamaa zetu saratani haitajwi. Watu husema "ule ugonjwa", au "alifanyiwa operesheni ya tumbo", na operesheni ya tumbo inaweza kuwa kitu chochote. Tunaelewa sababu: ni heshima, ni kumkinga mgonjwa na macho ya watu, ni kuogopa kuuita. Ila kwa ugonjwa unaoweza kurudi baada ya miaka 15 kwenye shingo au pua, ukimya una gharama. Daktari asiyejua habari ya figo atautazama uvimbe kama mpya, na hata maabara inaweza kuhangaika bila kujua irangi nini.

Kwa hiyo tunashauri mambo machache. Waulizeni wakubwa, kwa adabu na kwa wakati mzuri, kama kuna aliyewahi kutolewa figo, lini, wapi, na kwa nini. Andikeni. Kama katika ukoo kuna watu kadhaa wenye saratani ya figo, au uvimbe wa ubongo au wa jicho katika umri mdogo, mwambieni daktari, kwa sababu VHL hurithiwa na anayejulikana kuwa nayo huchunguzwa mara kwa mara. Na mnapopanga miadi, ombeni mkalimani. Sheria ya wagonjwa iliyoanza kutumika Sweden mwaka 2015 inataka maelezo yatolewe kwa kuzingatia lugha ya mgonjwa. Binti au kijana wa nyumbani akae pembeni ya mama yake kama mtoto wake, amshike mkono. Asibebeshwe kazi ya kutamka neno ambalo yeye mwenyewe linamtoa machozi.

Na kama mkalimani hayupo na kazi imetuangukia, basi tuseme sawasawa. Tusiseme tu "imesambaa". Tuseme: "Mama, saratani ni ile ile ya figo. Sehemu moja imehamia kwenye tezi ya shingo. Daktari anasema nyingine hajaiona." Sentensi tatu hizo zinampa mgonjwa kitu cha kushika.

Maneno ya kuweka mfukoni

Njure: figo
Svulst, tumör: uvimbe
Godartad: usio saratani
Elakartad: wa saratani
Modertumör: uvimbe mama, ulipoanzia ugonjwa
Dottertumör, metastas: uvimbe binti, uliohama kutoka kwa mama
Vävnadsprov: kipande cha nyama kinachochukuliwa kupimwa
Sköldkörtel: tezi ya shingo
Bukspottkörtel: kongosho
Hjärnhinna: utando wa ubongo
Strålbehandling: matibabu ya mionzi
Ärftlig: wa kurithi
Återfall: ugonjwa kurudi
Tolk: mkalimani

Walimu wetu na wasomaji wenye maneno bora zaidi kwa "dottertumör" wayalete kwenye kikao kijacho cha klabu. Tungependa neno ambalo bibi wa Tanga na daktari wa Solna wote wawili watalikubali.